Nilisema Ni Maji ya Ndimu

Nilidanganya. Naanza hapo kwa sababu nikianza na historia ya uzito wangu utanihurumia kabla hujalisikia kosa lenyewe, nami sitaki.

Februari 2022 nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Kwa miezi 21 iliyofuata, kila aliyeniuliza nimepunguaje nilimjibu ni maji ya ndimu na tangawizi, asubuhi, kabla ya kula chochote. Walioujua ukweli ni wawili tu, mume wangu na dada yangu mkubwa. Wenzangu wa kikoba hawakuujua. Wateja wangu hawakuujua. Tabibu niliyemfuata nikiwa na ganzi miguuni naye hakuujua, maana aliniuliza nikamjibu hapana.

Upasuaji siujutii. Nalisema mapema ili asitokee mtu akayachukua maneno yangu kwenda kumtishia ndugu yake aliyeshauriwa na daktari. Uliniondolea sukari, presha ikashuka, magoti yakaacha kulalamika. Ninachokiungama hapa ni kile nilichokifanya kwa mdomo wangu baada ya vidonda kupona.

Mimi ni mpishi wa shughuli, Mbagala, Dar es Salaam. Napika harusi, arobaini, maulidi, kipaimara, kwa yeyote anayelipa. Katika kazi hii unene ni kama kibao cha biashara, kwani mpishi mwembamba watu humtilia shaka. Mimi kibao changu kilikuwa kikubwa kupita duka: kilo 124 kwa kimo cha sentimita 160. Nilikuwa na sukari mwaka wa sita na presha mwaka wa nne. Nazi nilikuna nimekaa, mchele nilichagua nimekaa, na kuinuka kwenye kigoda nilihitaji mtu wa kunivuta mkono. Usiku nilikoroma hadi mume wangu akahamia sebuleni, akisema anaangalia mpira. Mpira wa saa tisa usiku.

Nilikuwa nimejaribu yote unayoyafikiria. Niliacha wali, nikaacha ugali, nikala matango wiki nzima huku napika pilau la watu mia tatu. Kila mara nilipungua kilo sita nikarudisha nane. Daktari alipogawanya uzito wangu kwa kimo mara kimo, kama wanavyofanya, alipata 48. Akaniambia upasuaji huanza kuzungumzwa mtu akifika 40, au 35 akiwa na ugonjwa kama sukari. Alinieleza kuhusu puto, ambalo siku hizi hata Muhimbili Mloganzila wanaliweka: linaingizwa kwa mdomo likiwa tupu, linajazwa likiwa ndani, na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Kwa uzito wangu aliona bora kupasua.

Akachukua karatasi akachora mfuko wa chakula, kisha akapitisha mstari kutoka juu hadi chini. Upande mkubwa, kiasi cha robo tatu au zaidi, akaukata kwa kalamu. "Huu tunautoa. Unabaki na huu." Uliobaki ulikuwa mwembamba kama ndizi. Akaeleza kwamba katika sehemu inayotolewa ndimo inamotengenezwa kwa wingi homoni inayoleta njaa, kwa hiyo hamu ya kula nayo ingepungua. Mtaani wanaita "kukata utumbo". Utumbo wangu hakuna aliyeugusa.

Bima yangu haikulipia. Niliuza kiwanja cha Vikindu, na pungufu nikakopa kikoba shilingi milioni tatu. Kwenye fomu ya mkopo, mahali pa dhumuni, niliandika: masufuria makubwa matatu na jiko la gesi. Huo ndio uongo wa kwanza, na niliuandika kwa mkono wangu, kwa kalamu ya kuazima. Miezi miwili baadaye mwenyekiti alipokuja kuona masufuria, nilimwonyesha ya zamani. Nilikuwa nimeyasugua kwa mchanga na majivu tangu alfajiri. Aliyasifu.

Kuhusu upasuaji wenyewe sina mengi ya kusema. Ni wa matundu madogo, nilikuwa na matano tumboni. Nilipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi, kilichoniuma zaidi ni bega, nikamwambia nesi wamekosea wamepasua bega. Alicheka, akaeleza kuwa tumbo hujazwa gesi ili wapate nafasi ya kufanya kazi, na inayobaki ndiyo huleta maumivu yale. Jioni ileile akanisimamisha nitembee koridoni, damu isije ikaganda miguuni. Kisha akanipa maji kwenye kile kikombe kidogo cha dawa, cha mililita 30, akaniambia ninywe kwa dakika kumi na tano. Mimi, ninayepika mchele kwa magunia, nilishindwa kukimaliza.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za vimiminika: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi. Zikafuata wiki za vyakula laini, mtori uliosagwa, yai la kuvuruga, samaki aliyepondwa. Baada ya hapo chakula cha kawaida, kidogo kidogo, protini kwanza. Chakula na maji visikutane, nusu saa ipite kati yake. Na vitamini. Siku ya kuruhusiwa nesi alinipa karatasi mbili, akazisoma pamoja nami kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alipofika kwenye orodha ya vitamini, B12 na madini ya chuma na kalsiamu, alipigia mstari maneno mawili: maisha yote. Akasema, "Mama, ganzi ikianza mikononi au miguuni, usikae nyumbani. Njoo." Nikaitikia. Mimi ni hodari sana wa kuitikia.

Kwa miezi minne nilikuwa mgonjwa wa mfano. Nilipungua kilo 23. Sukari ikatulia, daktari akanisimamisha vidonge nilivyovinywa miaka sita. Kisha nywele zikaanza kukatika. Nilikuwa nimeambiwa zitakatika, mwili ukipungua haraka hufanya hivyo na baadaye huota tena, lakini mtaa haukuwa umeambiwa. Msomaji wa Dar hahitaji maelezo. Ukikonda kwa kasi ile, nywele zikapukutika na mashavu yakabonyea, watu wanajua jambo moja tu: ameukwaa. Mteja mmoja alighairi shughuli ya mwanawe bila sababu. Dada mmoja sokoni alinishika mkono kwa upole ambao hajawahi kunionyesha, akaniambia siku hizi dawa zipo na watu wanaishi miaka mingi.

Nilihitaji jibu, na lilinijia bila kulitafuta. Jumamosi moja tukiwa kwenye kikao cha kikoba, mwenzetu mmoja akauliza mbele ya wote, "Lakini shoga, tuambie ukweli, unafanya nini?" Mbele yangu ilikuwepo glasi ya maji yenye vipande vya ndimu, kwa sababu mtu mwenye mfuko kama wangu hunywa kwa funda siku nzima, na ndimu huyapa maji ladha. Nikainua glasi. "Siri ni hii," nikasema.

Wakapiga makofi. Ungeyasikia makofi yale, msomaji, huenda nawe ungenyamaza. Miaka ishirini nilikuwa mnene wa kutaniwa, nikiambiwa kwenye daladala nilipe nauli ya watu wawili. Sasa nilikuwa mwanamke mwenye nidhamu. Ningesema nimepasuliwa, sifa zingekwenda kwa daktari na kiwanja cha Vikindu. Kwa ndimu, sifa zote zilikuwa zangu.

Uongo ule ulinidai matunzo. Kwanza ulidai nile hadharani, maana anayepungua kwa ndimu hashindwi kula sahani ya pilau. Kwenye harusi moja mama wa bwana harusi alinikalisha, akanipakulia mwenyewe, akasimama kuniangalia. "Mbona unadonoadonoa, kwani hujakipika wewe?" Nikatafuna haraka, nikameza vipande vitatu vya nyama. Cha tatu kilisimama kifuani kama mlango uliokwama. Nilitoka nikitabasamu, nikafika nyuma ya turubai, nikainama juu ya ndoo ya maganda ya vitunguu. Yalitoka mate ya povu, mengi, kama ya sabuni, ndipo nyama ikafuata. Msaidizi wangu akauliza nina nini. Nikamwambia ni moshi wa kuni.

Kisha ukadai vitamini. Nilikuwa navificha vidonge kwenye kopo la Africafe, juu ya kabati la jikoni. Siku kikoba kilipokutana kwangu mwenzetu mmoja akataka kahawa, akainuka kujihudumia, akafungua kopo. "Hee, dawa za nani hizi?" Sebule nzima ikanyamaza, na wewe unajua ilikuwa inawaza nini. Nikasema ni za dada yangu, alizisahau. Usiku ule nilivifunga vidonge kwenye mfuko pamoja na karatasi za hospitali, nikautupa juu ya kabati la nguo. Nilijiambia nitavirudia mambo yakipoa. Sikuvirudia. Nilikuwa najisikia vizuri, na hapo ndipo vitamini zinapomdanganya mtu: ukiziacha leo, kesho huumwi. Kliniki nayo niliacha kwenda.

Halafu nikauza.

Sikupanga. Watu waliniomba niwatengenezee, nikawatengenezea, wakanilazimisha kupokea hela, nami sikulazimika kwa shida. Mwanangu akabuni lebo ya kijani yenye picha ya ndimu. Shilingi 3,000 kwa chupa. Mimi ni mtu wa daftari, na daftari linaonyesha chupa 214 kati ya Septemba 2022 na Januari 2023. Ndani yake mlikuwa na maji, ndimu, tangawizi na mdalasini. Hakuna sumu hata chembe. Sumu ilikuwa mimi, niliyesimama pembeni ya chupa nikiwa nimepungua kilo thelathini.

Mnunuzi mkubwa alikuwa shoga yangu wa siku nyingi, mwenzangu wa kikoba, tuliyezoeana hadi tukaazimana hijabu. Naye ana sukari. Alikunywa maji yangu badala ya chai ya asubuhi, siku nyingine hadi saa kumi jioni hajala kitu, huku vidonge vyake vya sukari akivinywa kama kawaida. Ukinywa vidonge vya aina ile usile, sukari hushuka. Siku ya tisa ilishuka akiwa dukani kwake. Alitetemeka, akatokwa na jasho, akaanguka. Walimkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu, akarudiwa na fahamu siku hiyohiyo.

Nilikwenda kumwona wodini nikiwa na machungwa. Kando ya kitanda, kwenye kile kikabati cha chuma, ilisimama chupa yenye lebo ya kijani, nusu. Alinishika mkono. "Nikitoka nitaanza upya, safari hii kidogo kidogo," akasema. "Wewe umeweza bwana. Mimi ndiyo roho yangu nyepesi."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamenya chungwa.

Nilichofanya ni kuacha kuuza. Niliwaambia watu ndimu zimepanda bei. Hata kuacha niliacha kwa uongo.

Ganzi ilianza Juni 2023, kwenye vidole vya miguu. Mwanzoni ilikuwa kama kuvaa soksi ambazo sikuzivaa. Nikadhani sukari imerudi, nikanunua kipimo, nikajipima asubuhi na jioni, ikawa sawa. Agosti ilikuwa imefika kwenye vifundo, na usiku miguu iliwaka kama imepakwa pilipili. Nikaenda zahanati ya jirani.

Tabibu alikuwa kijana makini. Aliniuliza kuhusu kazi, nikamwambia nasimama saa kumi na mbili kwa siku. Aliniuliza kuhusu sukari. Kisha akauliza, "Mama, umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?" Kwenye meza ya pembeni aliketi binti aliyekuwa akiandikisha wagonjwa, mtoto wa mwenzangu wa kikoba. Kalamu yake ilikuwa hewani.

"Hapana," nikasema.

"Hata wa uzazi?"

"Hata huo."

Kwa alichoambiwa, alifanya alichopaswa. Aliona ni mgongo, mshipa umebanwa kwa kusimama sana, akanipa diklofenaki na ushauri wa mkanda wa kiunoni. Diklofenaki ilikuwa kwenye karatasi yangu, ukurasa wa pili, kwenye orodha ya dawa nilizokatazwa kwa sababu zingeweza kuniletea vidonda kwenye mfuko ule uliobaki. Nilizinywa wiki tatu. Mkanda niliuvaa miezi miwili. Ulinipa umbo zuri, nikasifiwa kwa hilo pia.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Novemba, saa nane mchana. Nilitoka dukani kwa Mangi na kilo mbili za sukari na kiberiti, nikarudi nyumbani kwa njia ya mchanga, mwendo wa hatua kama mia moja na hamsini. Njia ile saa zile inachoma, kuku wenyewe hupita pembeni kwenye kivuli cha ukuta. Nilikuwa nawaza shughuli ya Jumamosi. Nikafungua geti, nikaingia, nikaweka sukari mezani. Nikasikia hodi. Alikuwa mtoto wa jirani, wa miaka saba hivi, ameshika ndala ya bluu.

"Shikamoo mama. Umeiacha kule kwa Mangi."

Nikamjibu marahaba, nikamwambia siyo yangu. Mtoto akaangalia chini. Nami nikaangalia chini.

Mguu wa kushoto ulikuwa na ndala ya bluu. Wa kulia ulikuwa mtupu, umejaa vumbi hadi kifundoni.

Nilikaa kwenye kizingiti, nikaugeuza unyayo. Kizibo cha soda kilikuwa kimezama kisiginoni kwa upande wa meno yake, damu imeganda na mchanga. Nikakichomoa. Niliona ngozi ikivutika na kuachia, niliona damu mpya ikitoka, na sikusikia kitu, kana kwamba namtoa mwiba mtu mwingine. Nilikuwa nimetembea hatua mia na hamsini kwenye mchanga wa moto na chuma mguuni, na mwili wangu haukuwa umenipa taarifa.

Mtoto bado alikuwa amesimama. "Hakiumi?" akauliza.

"Hapana," nikasema, na mara hii nilisema kweli.

Hapo ndipo nilipojua. Siyo kwa kufikiri, nilijua kama unavyojua kwa harufu kwamba wali umeungua hata kabla hujafunua. Nilimsikia yule nesi: mama, ganzi ikianza, usikae nyumbani. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi mitano. Nikaburuta kigoda hadi chumbani, nikapanda, nikashusha ule mfuko juu ya kabati. Vidonge vilikuwa vimegandana kwa joto. Karatasi ilikuwa na vumbi, na mstari wa kalamu bado ulionekana chini ya maneno mawili.

Nilimpigia daktari aliyenipasua. Sikuwa nimemwona zaidi ya mwaka. Swali lake la kwanza: "Vitamini unakunywa?" Nikatafuta uongo, nikakuta umeisha. "Niliacha," nikasema. "Lini?" "Mwaka jana, mwezi wa saba." Hakunigombeza. Aliniambia niende kesho yake asubuhi.

Damu ilionyesha vitamini B12 ipo chini sana, na damu yenyewe pungufu. Alinieleza, nami nakueleza kwa lugha ya kikoba kwa sababu ndivyo nilivyoelewa. Ili mwili upate B12 kutoka kwenye nyama, samaki au mayai, unahitaji asidi ya tumboni na protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa mfuko wa chakula, na ukuta wangu mwingi ulikuwa umetolewa. Ini huweka akiba ya vitamini hiyo, akiba inayoweza kumtosha mtu miaka. Lakini yangu ilikuwa ndogo tangu mwanzo, maana metformini niliyoinywa miaka sita nayo hupunguza B12. Kwa hiyo nilikuwa mwanachama asiyeweka hisa ila anatoa kila siku. Kikoba cha namna hiyo hakivunjiki siku ya kwanza. Kinavunjika siku ambayo kila mtu ameshasahau nani aliacha kuchangia.

Nilichomwa sindano za B12, mwanzoni mfululizo, kisha kila wiki, kisha kila mwezi. Moto wa usiku uliisha kwanza. Ganzi ikashuka kutoka vifundoni hadi vidoleni, ikachukua miezi minane. Vidole viwili vya mwisho vya mguu wa kulia havijarudi. Daktari anasema mishipa ya fahamu iliyokaa muda mrefu bila vitamini hiyo hupona polepole, na mingine haiponi.

Kikoba niliwaambia Jumamosi ya pili ya Desemba, baada ya kuhesabu hisa. Nilisimama. Nilianza na mkopo, kwa kuwa ndio uliokuwa mwepesi, nikafuata na upasuaji, nikamaliza na ndimu. Nilizungumza kama dakika tano. Mwenyekiti aliuliza swali moja: "Kwa hiyo yale masufuria niliyoyasifu?" Nikamwambia ni yaleyale ya zamani. Mtu akacheka, wengine wakafuata, nami nikadhani nimepona.

Shoga yangu hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe. "Nilikuwa nakunywa yale maji nalia na njaa," akasema, "nikijiuliza mwenzangu ana roho gani mimi nisiyokuwa nayo. Kumbe ulipasuliwa." Akakunja kanga yake begani. "Ungeniambia, na mimi ningeuza kiwanja."

Nimerudi mara nyingi kwenye maneno yale. Nilikuwa nikidhani kosa langu ni kuficha jambo linalonihusu mimi, na mwili ni wangu, siri ni yangu. Huenda ni kweli mtu halazimiki kutangaza alivyopasuliwa. Ningeweza kusema "namshukuru Mungu" nikanyamaza. Lakini mimi sikunyamaza. Nilisema ndimu. Mwanamke mwenye sukari, aliyekuwa akipigana na njaa ambayo mimi nilikuwa nimekatwa na daktari, akajilinganisha na mimi akajiona dhaifu. Hilo halikuwa siri yangu. Hilo lilikuwa lake, nami nilimwibia.

Gharama ni hizi. Kikoba kilinitoza faini ya shilingi 20,000 kwa kutumia mkopo kinyume na dhumuni, kama katiba yetu inavyosema, na sikuruhusiwa kukopa kwa mwaka mmoja. Chupa 214 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 642,000. Nimerudisha kwa kila niliyempata, wawili walikataa kupokea, mmoja alihesabu mara mbili. Vidole viwili. Na shoga yangu tunasalimiana vizuri, tunakaa kikao kimoja, ila Jumapili haji tena kunywa chai.

Uzito wangu leo ni kilo 86. Kwa hesabu za daktari bado mimi ni mnene, kwa hesabu zangu napanda ngazi bila kupumzika. Vidonge viko mezani, karibu na chumvi, na anayeuliza ni vya nani anajibiwa. Sindano naendelea nayo. Ndala nimeacha kuvaa, navaa viatu vyenye mkanda wa nyuma, kwa sababu vile vidole viwili havishiki.

Kama umepasuliwa kama mimi, au unajiandaa, mtaani waambie unachotaka au usiwaambie kitu. Ila usiwape sababu ya uongo, kwa sababu kuna mtu ataifuata. Vitamini unywe hata siku unayojisikia mzima, hasa siku hiyo. Na anayekutibu akikuuliza kama umewahi kufanyiwa upasuaji, usimwangalie aliyeshika kalamu. Mjibu. "Nilipasuliwa." Ni neno moja tu, nami nilichukua miezi 21 kulisema.